Siku Chaji Alipokataa Kahawa

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili yanayotazamana kwenye kona, moja zima na jingine la mguu mbovu, ukiinuka ghafla mwenzako anakwenda chini. Katikati pana jiko la mkaa, juu ya jiko pana birika, na nyuma ya birika, juu ya kigoda, nipo mimi. Jina nililopewa na wazazi hapa halina kazi. Naitwa Birika, na nikiitwa hivyo naitika. Kwenye benchi zima hukaa Molekuli, mwalimu wa kemia mstaafu, miaka thelathini na mmoja ubaoni, hadi leo anafuta vidole kwenye suruali akidhani vina chaki. Kwenye lile bovu hukaa wawili. Wa kwanza ni Hakika, fundi cherehani, duka lake liko hatua tatu nyuma yake, mtu ambaye hajasema "sijui" tangu azaliwe, na kila neno lake lazima alifunge na methali, ifae isifae. Wa pili ni Chaji, fundi betri, mpole, mchache wa maneno, suruali zake zote zina matundu ya asidi. Mabomba ya mtaa yalishakauka siku nyingi, kwa hiyo maji ya kahawa nayateka kisimani, hapo chini kidogo, na mtaa mzima tunakunywa humo humo. Asubuhi ninayowasimulia, nilimmiminia Chaji kikombe chake kama kawaida, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akakifunika kwa kiganja.

Chaji: Leo sinywi.

Mimi: Hunywi nini?

Chaji: Kahawa. Usikasirike, Birika.

Nilikasirika. Mtu anaweza kunitukana mimi nikanyamaza, lakini kahawa yangu asiiguse.

Hakika: Hakika hilo ni jino. Linamuuma, anaona haya kusema. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Chaji: Sina jino bovu.

Hakika: Basi kuna mwanamke. Mwanamume akiacha kahawa ghafla, ujue kuna mtu kamwambia mdomo unanuka.

Chaji: Jamani, niacheni.

Molekuli: Mwacheni. Labda tumbo.

Hakika: Tumbo lipi? Jana kala sahani mbili mbele yangu, akafuta na mchuzi kwa kidole. Mtoto akililia wembe, mpe!

Molekuli: Wembe umeingiaje hapa?

Hakika: Umeingia. We subiri tu.

Chaji hakucheka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chupa ya plastiki yenye kibandiko cha buluu, akafungua kizibo, akapiga mafunda mawili. Chupa ile kila mtu hapa anaijua, Chaji anaziuza bandani kwake. Ni maji ya betri. Siyo asidi, hapana, ni yale maji safi yanayopatikana kwa kukusanya mvuke, mafundi huyatumia kuongezea betri ikikauka. Lakini nani aliwahi kumwona mtu anakunywa maji ya betri mbele ya birika la kahawa ya moto?

Hakika: Huyu kachanganyikiwa! Akimaliza hiyo chupa tumfunge nyaya, atuwashie taa ya njiani.

Molekuli: Chaji, hayo ni maji matupu, hayana hata chembe ya chumvi. Tena chupa zake si za kunywea. Kwa nini unayanywa?

Chaji: Kwa sababu najua yalikotoka.

Mimi nikasimama na birika mkononi.

Mimi: Na ya kwangu hujui yalikotoka? Kisimani! Miaka tisa unayanywa, leo yamekuwa na kasoro gani?

Chaji: Mnalijua shimo langu? La nyuma ya banda, ninapomwaga asidi ya betri zilizokufa?

Hakika: Tunalijua. Ulilisakafia mwenyewe, saruji nene. Kazi safi ile.

Chaji: Jana jioni nilitaka kulisafisha. Nikatumbukiza fimbo nipime kina. Fimbo ikapita.

Mimi: Ikapita wapi?

Chaji: Chini. Hakuna sakafu, Birika. Saruji imeliwa, imebaki mchanga laini kama uji. Asidi yote ya miaka miwili haimo. Na mimi siku zote najisifu, oh, shimo langu halijai.

Molekuli aliweka kikombe chake chini. Hakukiweka pale anapokiweka siku zote. Alikisogeza mbali, pembeni, kwa vidole viwili, na mimi nikaona.

Hakika: Saruji hailiwi, bwana. Saruji ni jiwe.

Chaji: Nami nilidhani hivyo. Tangi la maji si la saruji? Linashika maji. Nikasema kinachoshika maji kitashika na asidi.

Molekuli: La hasha. Ndani ya saruji mna chokaa, na asidi inaila chokaa. Polepole, siku kwa siku. Ungeniuliza, Chaji. Niko hapa kila asubuhi!

Chaji: Ningekuuliza nini, mwalimu? Mimi sikujua kwamba sijui.

Hakika: Haya, tuseme imeliwa. Asidi imeshuka, imeingia ardhini, na ardhi ni kubwa. Msitie watu presha asubuhi yote hii. Maji hufuata mkondo, yameshakwenda zake hayo.

Molekuli: Na mkondo wenyewe unaelekea wapi?

Tukageuza shingo wote wanne. Banda la Chaji liko juu, njia inapoanza kuteremka. Kutoka pale njia inashuka, inapita mbele ya kijiwe chetu, inakwenda moja kwa moja hadi kisimani. Ni hatua sabini hivi. Mwanamke mmoja alikuwa pale wakati huo huo, anavuta kamba.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binti yangu. Mtoto wangu wa pekee yuko nyumbani kwangu, ana mimba ya miezi minane. Ya kwanza iliharibika mwezi wa tano, nikamwona anavyolia, sitaki kumwona hivyo tena. Safari hii muuguzi wa kliniki alimpa sharti moja: mama, maji, kunywa maji mengi, usisubiri kiu. Mumewe yuko mbali kikazi, kwa hiyo amerudi kwangu, na mimi ndiye ninayembebea maji. Ndoo mbili kwa siku, ya alfajiri na ya saa tatu nikishamaliza wateja wa kwanza. Ndoo ya saa tatu ilikuwa hapo, kando ya kigoda changu, imefunikwa sahani na kata juu yake.

Siku ishirini na sita tangu arudi. Nilihesabu pale pale, kimoyomoyo.

Mimi: Mwalimu, mimi nachemsha.

Molekuli: Najua unachemsha.

Mimi: Nachemsha mpaka mfuniko unaruka! Hakuna mdudu anayepona mle.

Molekuli: Mdudu haponi, kweli. Lakini tunachozungumza si mdudu. Betri iliyokufa haimwagi asidi peke yake. Mna risasi, yale madini mazito ya kijivu, zile sahani za ndani. Madini hayafi kwa moto wako, Birika. Hayana uhai wa kutolewa.

Hakika: Yatapaa na mvuke! Hakika ukichemsha sana, ubaya wote unatokea juu. Maji ya moto hayachomi nyumba!

Molekuli: Birika, hebu funua mfuniko. Ndani unaona nini?

Mimi: Ukoko.

Molekuli: Wa rangi gani?

Mimi: Mweupe. Ni wa miaka yote, sijawahi kuukwangua. Huo ndio unaoipa kahawa ladha.

Molekuli: Ukoko huo ulikuwa ndani ya maji. Uliwahi kuuona kwenye ndoo?

Mimi: Sijawahi.

Molekuli: Na ulikuwamo. Ulipochemsha, maji yakapaa, chokaa ikabaki. Kinachopaa ni maji tu. Kilichoyeyuka humo kinabaki, tena kinazidi kukolea maji yakipungua.

Mimi: Unaniambia nikichemsha nazidisha?

Molekuli: Sikutaka kukwambia hivyo.

Mimi: Lakini umeshaniambia.

Niliurudisha mfuniko haraka. Sikutaka Hakika auone ukoko ule, maana angeutangaza hadi jumuiya ya mafundi cherehani. Aliuona.

Chaji: Mwalimu, mimi kuna kitu hakiniingii akilini. Risasi ni nzito, naibeba kila siku, mgongo huu shahidi. Itabebwaje na maji? Si itazama ikae zake chini?

Molekuli: Wewe ndiye ungeelewa kuliko sisi sote. Betri ina ncha ngapi?

Chaji: Mbili. Chanya na hasi.

Molekuli: Sasa chukua chembe moja ya maji, ndogo mno, haionekani. Ina oksijeni moja, na hidrojeni mbili zimeegemea upande mmoja. Upande wa oksijeni ni hasi kidogo. Upande wa hidrojeni ni chanya kidogo. Kila chembe ya maji, Chaji, ni betri ndogo.

Chaji: Hata ya kwenye kikombe hiki?

Molekuli: Kikombe hicho kina betri mabilioni kwa mabilioni. Ukitia chumvi, hizi zinavuta huku kwa upande wao hasi, zile zinavuta kule kwa upande chanya, chumvi inang'olewa chembe chembe. Kila chembe inazungukwa na maji, inabebwa. Huko ndiko kuyeyuka. Huioni tena, lakini haijaenda popote. Na asidi inaifanyia risasi hivyo hivyo, inaimega vipande visivyoonekana, maji yanavipokea. Vidogo kiasi hicho havizami.

Hakika: Na maji yanapata faida gani kufanya uchokozi huo?

Molekuli: Hayapati kitu, ndiyo tabia yake. Na kwa tabia hiyo hiyo wewe uko hai. Sukari uliyokunywa sasa hivi inafika hadi kwenye kidole chako cha mguu kwa sababu maji ya damu yameibeba. Chumvi, hewa, chakula cha ubongo wako...

Hakika: Ubongo wangu unajitegemea.

Molekuli: Tunauona. Ninachosema ni kwamba maji yangekuwa mkaidi, yasiyeyushe kitu, hakuna jani lingeota wala mtoto angezaliwa. Ubaya ni mmoja tu, hayachagui abiria. Anayepanda anabebwa.

Nilijikuta nautazama mdomo wa ndoo. Sahani imetulia, kata imetulia. Ndoo ile ile ya jana.

Hakika: Mimi bado nasema udongo unachuja. Yatazama, yatakwenda chini kabisa, yatatuacha. Kitu kikishuka kimeshuka.

Molekuli: Una kitambaa?

Hakika akachomoa kipande cha pamba nyeupe begani. Molekuli akakining'iniza juu ya kile kikombe alichokikataa Chaji, ncha tu ndiyo ikagusa kahawa.

Molekuli: Tazameni.

Tuliinama wote. Mwanzo ilikuwa ncha tu. Kisha weusi ukaanza kupanda. Hakuna aliyeusukuma. Ulipanda uzi kwa uzi, ukafika katikati ya kitambaa, ukaendelea kuvifuata vidole vya mwalimu.

Chaji: Inapanda yenyewe.

Molekuli: Zile betri ndogo zinashikana zenyewe kwa zenyewe, halafu zinaung'ang'ania uzi. Ya juu inaivuta ya chini. Kwa njia hiyo mti mrefu unakunywa bila pampu. Na ndani ya udongo maji yanatembea hivyo hivyo, chini, pembeni, hata juu. Yanapita kwenye ukuta wa kisima bila kubisha hodi.

Hakika: Kitoe! Kitoe hicho kitu mbele yangu!

Akaruka juu, benchi likainuka, Chaji akaenda chini na chupa yake. Siku nyingine tungecheka hadi saa sita. Siku hiyo Chaji alijiokota mwenyewe, akajifuta vumbi, akakaa mbali na kikombe.

Hakika: Sasa mimi nawaambieni kitu. Maji yana akili. Nacheka? Sicheki. Mwalimu, mtu ana maji kiasi gani mwilini?

Molekuli: Mtu mzima, zaidi ya nusu ya uzito wake. Kama mafungu mawili kwa matatu.

Hakika: Ahaa! Basi walioketi hapa si sisi! Ni maji yamekaa kwenye mabenchi, yamevaa mashati, yanajizungumzia yenyewe! Yanatusikia! Mle kisimani sasa hivi yanajua tunayapangia nini! Kikulacho ki nguoni mwako!

Molekuli: Leo kwa mara ya kwanza methali imekaribia.

Mimi: Na mtoto?

Molekuli: Mtoto yupi?

Mimi: Ambaye hajazaliwa. Yeye ana maji kiasi gani?

Mwalimu akafuta vidole kwenye suruali. Akavifuta tena. Anajua nyumbani kwangu kuna nani, alikuja kumpa pole ile mara ya kwanza.

Molekuli: Robo tatu. Au zaidi kidogo.

Mimi: Na analala ndani ya nini?

Molekuli: Ndani ya maji.

Mimi: Yanayotoka wapi?

Molekuli: Birika, ndugu yangu...

Mimi: Nakuuliza, mwalimu. Hukuwa ukipenda wanafunzi waulize? Yanatoka wapi?

Molekuli: Kwa mama yake.

Na mama yake anayapata kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mlangoni kila siku: mwanangu, umemaliza? Maliza, nikuongeze. Akisema ameshiba maji namfokea. Jamani, nilikuwa namfokea anywe!

Mimi: Risasi ikiingia mwilini, dalili zake zipi?

Molekuli: Kichwa kuuma. Tumbo kusokota. Mtu anachoka, hana hamu ya kula.

Mimi: Hizo si dalili za mimba?

Molekuli: Za mimba pia.

Mimi: Juzi alilalamika kichwa. Jana tumbo.

Molekuli: Mwezi wa nane kila mama analalamika kichwa na tumbo.

Mimi: Kwa hiyo ni mimba?

Molekuli: Sikusema hivyo. Wala sikusema siyo.

Chaji akakohoa. Alikuwa anaichana karatasi ya chupa yake vipande vipande.

Chaji: Mimi nimeshapima.

Hakika: Umepima nini?

Chaji: Maji ya kisima. Leo alfajiri. Nilichukua betri na ile taa yangu ndogo ya kupimia. Nikatia nyaya kwenye maji ya chupa hii, taa kimya. Nikazitia kwenye maji ya kisima, ikawaka.

Hakika: Tumekwisha!

Chaji: Ilikuwa hafifu, nyekundu. Lakini iliwaka, na mimi nimeapa kwamba sinywi tena.

Mimi: Alfajiri saa ngapi?

Chaji: Kabla hujaja.

Mimi: Mimi huwa pale saa kumi na moja na nusu.

Chaji: Nilikuwa bado sijaondoka. Nilisikia ndoo yako, nikajificha nyuma ya ukuta.

Mimi: Ukaniona nateka?

Chaji: Nilikuona.

Mimi: Unajua napeleka kwa nani?

Chaji: Najua. Niliogopa, Birika. Nilisema nikitoka sasa hivi ataniua hapa hapa. Nikasema nitamwambia kijiweni, penye watu.

Nilishika koleo la mkaa. Sijui nilitaka kufanya nini nalo, lakini nililishika, na Chaji hakukimbia. Molekuli ndiye aliyesimama katikati yetu na mwili wake ule mwembamba.

Molekuli: Weka chini! Taa hiyo haisemi kitu! Maji yoyote yaliyopita ardhini yataiwasha, yana chumvi za udongo. Ingewaka hata miaka mitano iliyopita. Chaji, uliwahi kupima kabla ya kuchimba shimo?

Chaji: Sikuwahi.

Molekuli: Basi hujui. Taa inajua kuna kitu. Haijui ni kitu gani. Chumvi ya kawaida inawasha, chokaa inawasha, risasi inawasha. Tena sikilizeni, risasi hupenda kuganda kwenye udongo. Hatua sabini za udongo si mchezo. Huenda halijafika hata tone.

Mimi: Huenda?

Molekuli: Huenda. Ila asidi nayo huilegeza isigande.

Mimi: Sasa huenda imeganda, au huenda imelegezwa?

Mimi nikarudi kwa Chaji, maana hasira ilitaka pa kwenda.

Mimi: Na nani alikutuma kumwaga sumu nyuma ya banda? Nani? Mtu mzima na akili zako!

Chaji: Wewe.

Mimi: Mimi?

Chaji: Nilikuwa namwaga kwenye mtaro wa barabarani, huu unaopita hapa. Ukaja bandani, umefura. Ukasema harufu inafukuza wateja. Ukasema, uchafu wako umwage kwako, huko nyuma, nisiuone.

Mimi: Nilisema usiumwage mbele ya kahawa yangu!

Chaji: Ndiyo. Nikauhamishia nyuma. Nikaona saruji ni ustaarabu. Hata wewe ulikuja ukaliona lile shimo, ukaniambia, sasa umekuwa fundi.

Ni kweli. Nilisema. Nilisimama ukingoni mwa shimo lile na kikombe mkononi, nikamsifu. Nikakaa kwenye kigoda na koleo langu. Nilimtazama Hakika, nikitegemea walau ataleta mojawapo ya methali zake za ovyo. Akaokota kitambaa chake, akaanza kukikunja.

Mimi: Mwalimu, nani anaweza kujua kilichomo? Nipe mtu. Nitakwenda kwa miguu.

Molekuli: Maabara ya mkemia, mjini. Unapeleka chupa ya maji, wana mashine ya kutambua kila madini. Hata damu hospitali wanaipeleka huko huko.

Mimi: Wanajibu lini?

Molekuli: Wiki tatu. Wakiwahi.

Mimi: Binti yangu amebakiza wiki nne.

Kule kisimani yule mwanamke alishaondoka na ndoo yake, wakaja wengine wawili, wanacheka, wanasukumana. Ilibidi mtu aende kuwazuia. Chaji akainuka nusu, akakaa. Hakika akajitolea.

Hakika: Nitawaambia kisima kinasafishwa. Hakika nikiwaambia ukweli watalichoma banda la huyu, na yeye akiwa ndani.

Akaondoka mbio. Tulimwona anapunga mikono, tukawaona wale wanawake wanabishana naye, kisha wanageuka na ndoo tupu. Mimi nikanyanyua birika. Sikutaka liwe mbele yangu hata dakika moja zaidi. Nikaliinamisha.

Molekuli: Unamwaga wapi?

Mimi: Hapa chini.

Molekuli: Hapa ni mteremko. Yatarudi kule kule.

Mimi: Basi mtaroni.

Molekuli: Mtaro unapita juu ya kisima.

Mimi: Sasa nikamwage wapi, mwalimu? Niambie! Wapi duniani?

Molekuli: Maji hayapotei, Birika. Hayo unayoyashika yamo duniani tangu zamani za zamani. Hata yakikauka juani yatapaa, yatanyesha pengine. Unachoweza ni kuyahamisha tu.

Nikabaki nimesimama na birika hewani. Mkono ukauma, nikalirudisha jikoni, maana hapakuwa na pengine pa kuliweka. Hakika alikuwa amerudi, anahema, na kabla hajaketi tukasikia sauti.

— Shikamooni, baba zangu.

Alikuwa yeye, binti yangu. Hajawahi kuja kijiweni, hapa ni pa wazee, lakini siku hiyo alikuja, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika jagi tupu. Tukaitikia marahaba wote wanne, kila mtu kwa wakati wake.

Binti: Baba, leo vipi? Nimekungoja na ndoo ya saa tatu hadi nimechoka.

Mimi: Nilishikwa na kazi, mwanangu. Ya alfajiri imeisha?

Binti: Imeisha kitambo. Leo kiu imeniamkia. Na huyu leo kacharuka, anapiga teke hili, anapiga lile.

Akacheka, akashika tumbo. Chaji alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha binti yangu akaiona ndoo kando ya kigoda, akasema kumbe hii hapa, akainama kwa taabu zile za mwezi wa nane, akaondoa sahani, akachota kata imejaa. Sikujua nimefikaje. Nilimdaka mkono, maji yakatumwagikia miguuni sote wawili.

Binti: Baba! Unaniumiza!

Mimi: Usinywe.

Binti: Nisinywe? Wewe huyu huyu unayenifokea ninywe?

Mimi: Nimesema usinywe.

Alinitazama usoni, na sijui aliona nini, lakini kicheko chake kiliondoka. Akainua kata iliyobaki nusu, akaielekeza kwenye mwanga, akachungulia. Yalikuwa meupe. Mtu angeweza kuhesabu mikwaruzo ya chini ya kata.

Binti: Mbona safi? Yana nini?

Nilimtazama Molekuli. Miaka thelathini na mmoja ubaoni, akageuza uso. Chaji alikuwa amejifunika macho kwa viganja. Hakika, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuwa anafungua na kufunga kifungo kimoja cha shati.

Binti: Nimeyanywa mwezi mzima, baba. Yana nini?

Nilikuwa bado nimemshika mkono.